Hati Inasema Kenya, Mzigo Unaenda Kwingine

(Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana wa Mau Narok baada ya Swala ya Adhuhuri. Wengi mliokosa kufika mliomba yaandikwe, nami nimeyaandika karibu vile nilivyosema.)



Ndugu zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuacha mashamba na vibanda mkaja kuketi hapa na baridi hii. Mimi nimepanda kutoka Nakuru na jaketi mbili na bado vidole vimekufa ganzi, na nyinyi mmevaa fulana mnanicheka. Sawa. Nitalipiza siku mkishuka Mombasa mwezi wa pili.

Nimekuja kulipa deni. Kuna kijana wa hapa Mau Narok alikuwa kwenye kikao chetu cha Njoro. Siku hiyo tulikuwa tunaongea juu ya Ghaza. Nikaeleza vile mahakama ya rufaa ya Uholanzi, Februari 2024, iliamuru serikali yake isitishe kupeleka Israel vipuri vya ndege za kivita za F-35, baada ya mashirika matatu ya kiraia kwenda kortini. Nikaeleza vile Uingereza, Septemba mwaka huo huo, ilisimamisha leseni kama 30 kati ya takriban 350 za kuuza vifaa vya kijeshi kwa Israel. Watu wakasikiliza, wengine wakaandika kwa simu. Huyu kijana akainua mkono: "Kaka, hizo ni sheria za Wazungu na silaha za Wazungu. Sisi tunalima viazi. Inatuhusu wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema kitu juu ya umma kuwa mwili mmoja. Ni kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha, nikaanza kusoma. Na nilichokikuta ni kwamba jibu liko karibu sana. Liko Mombasa, liko Naivasha, liko Eldoret, na kipande kingine kiko kwenye stoo ya mbolea hapa hapa.

Tuanze na viazi basi, kwa sababu mnavijua kuliko mimi.

Broka anakuja shambani, ananunua magunia yako, anapakia kenta. Kwenye kizuizi cha ushuru wa kaunti anaulizwa: umebeba nini, unapeleka wapi? Anajibu viazi, napeleka soko la Nakuru. Anaandikiwa risiti, anapita. Akifika barabara kuu, anakata kona ya Nairobi. Nani atamfuata? Yule wa kizuizi ameandika alichoambiwa. Karatasi iko sawa, muhuri uko sawa, na viazi viko Nairobi.

Biashara ya silaha duniani inaendeshwa karibu hivyo. Nchi inayouza haitakiwi kumuuzia yeyote mwenye pesa. Mwenye kiwanda anaomba leseni kwa serikali yake. Serikali inamwuliza mnunuzi: hizi silaha ni za nani, na nani atazitumia? Mnunuzi anatoa hati inaitwa hati ya mtumiaji wa mwisho. Hati hiyo inatiwa sahihi na ofisa wa serikali inayonunua, na inasema: sisi ndio watumiaji, hatutampa mwingine bila ruhusa yenu. Hiyo ndiyo nguzo. Sheria nyingi za kudhibiti usafirishaji wa silaha, ukizifungua, utakuta zimeegemea karatasi hiyo moja na uaminifu wa aliyeitia sahihi.

Sasa twende baharini.

Tarehe 25 Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliteka meli inaitwa MV Faina. Meli ilikuwa na bendera ya Belize na imetoka Ukraine ikienda Mombasa. Walidhani wamepata meli ya kawaida. Walipofungua wakakuta vifaru 33 vya aina ya T-72, roketi, mizinga ya kutungulia ndege na maelfu ya risasi. Hebu fikiria haramia na boti lake dogo na bunduki yake kuukuu, anajikuta mwenye vifaru kuliko majeshi mengi ya Afrika. Manowari ya Marekani ikaja kuizunguka meli ile isije ikashushwa mzigo Somalia. Mabaharia walikaa mateka zaidi ya miezi minne na nahodha wao akafia humo ndani. Februari 2009 ikalipwa fidia iliyotajwa kuwa dola milioni 3.2, meli ikaachiwa na kutia nanga Mombasa.

Kila mtu alikuwa anaangalia maharamia. Mtu mmoja Mombasa aliangalia mzigo. Anaitwa Andrew Mwangura, na alikuwa anaongoza shirika dogo la kusaidia mabaharia. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kujua meli gani iko wapi na watu wake wako hali gani. Yeye akawaambia waandishi wa habari: vifaru hivi si vya Kenya. Ni vya Sudan Kusini.

Serikali yetu ikasema ni vya jeshi la Kenya. Sasa angalieni. Hati za shehena zilipotoka nje, zilionekana na herufi MOD/GOSS kwenye namba za mikataba. MOD ni Wizara ya Ulinzi, hiyo kila mtu anaijua. GOSS ndiyo herufi ambazo siku zile kila shirika la misaada na kila mwanadiplomasia Nairobi alizitumia kwa Serikali ya Sudan Kusini. Serikali ikajibu kwamba hapana, hizo ni kifupi cha kitengo ndani ya jeshi letu. Tena jeshi letu lilikuwa linatumia vifaru vya Kiingereza vya Vickers. T-72 ni ya Kirusi: risasi zake tofauti, vipuri vyake tofauti, mafunzo yake tofauti. Ni kama mtu ana trekta za Massey Ferguson shamba zima, halafu unaambiwa ameagiza vipuri 33 vya Belarus na vyote ni vya matumizi yake mwenyewe. Unaweza kuamini, lakini lazima ujilazimishe.

Na Mwangura? Mwanzoni mwa Oktoba 2008 alikamatwa. Akashtakiwa kwa kutoa taarifa za kuzua hofu. Akakaa ndani zaidi ya wiki moja kabla ya kupata dhamana. Mwishowe mashtaka yaliondolewa. Desemba 2010, nyaraka za siri za balozi za Marekani zilipovuja, zikaonyesha kuwa maofisa wa Marekani nao walijua vifaru vile vilikuwa vinakwenda Sudan Kusini. Faina haikuwa hata ya kwanza. Ilikuwa meli ya tatu. Za mbili za kabla yake zilipita bila kelele. Nyie mnajua barabara zetu: mzigo wa Mombasa wa kwenda Uganda na kuendelea juu, uwe kwa lori au kwa reli ile ya zamani, unapita Nakuru.

Nimesoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nakwama pale pale. Hakuna aliyevunja kufuli. Ukraine ilikuwa na karatasi. Meli ilikuwa na karatasi. Bandari ilikuwa na karatasi. Kila kizuizi kiliandika risiti yake kikafungua mti, na aliyefungwa ni yule aliyesema karatasi na mzigo havifanani.

Mtaniuliza, kwani kulikuwa na ubaya gani? Sudan Kusini walikuwa wametoka vita vya zaidi ya miaka 20 na Khartoum, wakitaka kujilinda. Hoja hiyo ina uzito, na wapo watu waadilifu kabisa Kenya walioiunga mkono. Lakini mkumbuke amani yenyewe ilitengenezwa wapi. Mazungumzo yalifanyika Naivasha, kaunti yetu hii hii ya Nakuru, na mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mkataba ule uliweka masharti juu ya pande zote mbili kujiongezea silaha. Sisi ndio tulikuwa wenyeji wa amani. Kisha bandari yetu ikawa mlango wa vifaru, na jina letu likawa kwenye hati.

Silaha haina ajira ya kudumu na tajiri mmoja. Desemba 2013, miaka miwili na nusu baada ya uhuru, Sudan Kusini iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe, wanajeshi wa jeshi moja wakageuziana mitutu. Vifaru walivyosema ni vya kujilinda na Khartoum vikabaki Juba vita vikiwa Juba. Utafiti wa chuo kimoja cha London uliotolewa 2018 ulikadiria kuwa vita vile vilisababisha vifo karibu 400,000, kwa risasi, kwa njaa na kwa magonjwa. Umoja wa Mataifa uliweka marufuku ya silaha kwa Sudan Kusini Julai 2018. Miaka minne na nusu ilipita tangu vita kuanza ndipo lango likafungwa! Waliokimbia wako Kakuma na Kalobeyei, wengine mnasoma nao Nakuru na Njoro. Muulizeni mmoja wao kama biashara ya silaha inamhusu Mwafrika.

Kwa hiyo kijana wangu wa Njoro, hilo ndilo jibu la kwanza. Jina la nchi yako ni mali. Likiandikwa kwenye hati ya mtumiaji wa mwisho, mlango wa kiwanda unafunguka huko mbali, na wewe raia hukuulizwa.

La pili ni kwamba sisi si wanunuzi tu. Ukitoka Nakuru kwa matatu, saa tatu hivi, unafika Eldoret. Pale kuna kiwanda cha risasi cha serikali, Kenya Ordnance Factories, kilichoanzishwa 1997. Mitambo ilitoka Ubelgiji, kwa kampuni ya FN Herstal, na kule Ubelgiji kulikuwa na mabishano makali kama ni halali kuuza kiwanda kizima cha risasi katika ukanda uliojaa vita. Zingatieni hilo: mtu akikuuzia risasi, zikiisha unarudi kwake, na yeye anaweza kukataa. Akikuuzia kiwanda, hana tena cha kukataa. Halafu Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizindua kiwanda cha bunduki Ruiru. Kiligharimu shilingi bilioni 4 na tuliambiwa kina uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Nchi yenye viwanda kama hivyo, siku moja itataka kuuza nje. Pengine si dhambi. Lakini siku hiyo, yule wa kizuizi anayeandika risiti atakuwa sisi, na swali la "unapeleka wapi" litakuwa letu kuuliza.

Tunayo sheria ya kuuliza? Tunayo vipande. Iko Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inayotaka vibali vya kuingiza na kutoa silaha. Iko Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Iko Itifaki ya Nairobi ya 2004 juu ya silaha ndogo ndogo, ambayo nchi za ukanda huu zilikubaliana hapa hapa Kenya. Lakini kuna mkataba mmoja mkubwa, na hapa ndipo naona aibu kama Mkenya.

Mwaka 2006, nchi saba zilipeleka wazo Umoja wa Mataifa kwamba dunia iwe na Mkataba wa Biashara ya Silaha. Argentina, Australia, Costa Rica, Finland, Japani, Uingereza, na Kenya. Kenya! Ndiyo nchi pekee ya Afrika katika waandishi wale. Tulisukuma miaka saba. Tarehe 2 Aprili 2013 kura ikapigwa: nchi 154 zikakubali, ikiwemo yetu, 3 zikakataa, 23 zikajizuia. Mkataba ukaanza kufanya kazi 24 Desemba 2014. Unasema, kwa lugha rahisi: usiuze silaha ukijua zitatumika kwa mauaji ya halaiki au uhalifu wa kivita; na hata kama hujui, kaa chini upime hatari kwanza. Ndio mkataba unaotajwa kila mahali kesi za Ghaza zinapozungumzwa. Na Kenya, iliyoshika kalamu kuuandika, haijautia sahihi.

Umepika, umepakua, umekaribisha watu, wewe mwenyewe umesimama mlangoni hutaki kula. Wageni watafikiria nini kuhusu chakula?

Mambo haya si ya zamani. Juni 2025 serikali ya Sudan ilituhumu Kenya hadharani kuwa njia ya silaha zinazowafikia wapiganaji wa RSF, na serikali yetu ikakanusha. Sikai hapa kuwaambia nani mkweli. Nawaambia tu kwamba nchi iliyo mwanachama wa mkataba inatakiwa kuweka kumbukumbu za silaha inazotoa na kupeleka ripoti kila mwaka. Ungekuwa na ripoti mkononi, ungefungua ukurasa ukaangalia. Sasa hivi tuna neno la huyu na neno la yule, kama kesi ya ng'ombe bila alama.

Mnajua, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, kule Suratul Baqarah, haihusu vita wala pepo. Inahusu kuandikiana mkataba na kuweka mashahidi. Tuendelee.

Nilisema kipande kingine kiko kwenye stoo ya mbolea. Kuna bidhaa si silaha lakini zinaweza kuwa. Wanaziita bidhaa za matumizi mawili. Gunia la CAN la kilo 50 unalonyunyizia mahindi lina kemikali inayoitwa amoniamu naitreti. Kemikali hiyo hiyo inapasulia mawe kwenye machimbo. Kwenye CAN huchanganywa na chokaa, na moja ya faida za chokaa ni kuifanya iwe ngumu kulipuka. Tarehe 4 Agosti 2020, Beirut, tani 2,750 za amoniamu naitreti zililipuka bandarini na kuua watu zaidi ya 200. Ule mzigo ulikuwa umetoka Georgia kwenda Beira, Msumbiji, pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Meli ikakwama Beirut mwaka 2013, mzigo ukashushwa, ukawekwa ghalani, ukasahauliwa kwa miaka. Hakuna gaidi hata mmoja aliyehitajika. Ilitosha kila ofisi kusema ni kazi ya ofisi nyingine.

Na kwa jirani zetu Wasomali, Novemba 2019 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2498 kuzuia vifaa na kemikali za kutengenezea mabomu zisiwafikie wauaji. Sina shida na azimio hilo. Waliouawa Mogadishu ni ndugu zetu. Shida yangu iko kwenye kaunta.

Msimu uliopita wa kupanda, nilikwenda na rafiki yangu kununua mbolea ya shamba la mamake. Duka sitalitaja, na si la hapa. Tulikuwa tumetoka Ijumaa, yeye na kanzu na kofia. Mbele yetu mzee mmoja alichukua magunia 20, akalipa, akapakiwa, kwaheri baba. Sisi tulitaka manne. Muuzaji akamwangalia rafiki yangu juu mpaka chini: "Ya nini?" Rafiki akacheka akasema ya mahindi. "Shamba liko wapi? Kitambulisho?" Akaandika jina lake kwenye daftari la shule. Ukurasa ule ulikuwa na majina matatu, na nyie mnaweza kukisia yalikuwa majina ya aina gani.

Rafiki yangu hakusema kitu hadi tukafika barabarani. Kisha akaniambia: "Kuulizwa sikatai. Mbona yule mzee wa magunia 20 hakuulizwa?"

Nimefikiria sana maneno hayo. Vijana wenzangu, tusije tukadanganyana kwamba kila udhibiti ni vita dhidi yetu. Kemikali inayoweza kuua watu 200 inahitaji daftari. Lakini daftari la sheria linaandika kila mnunuzi, au linaanzia kiwango fulani cha magunia, na linajulikana linakwenda wapi na nani atalisoma. Daftari linaloandika kofia si udhibiti wa bidhaa. Na tena ni ulinzi mbovu, kwa sababu mwenye nia mbaya atamtuma mtu asiye na kofia. Hapa hapa ndipo sheria kamili ingetusaidia, kwa sababu sasa mambo ya bidhaa hizi yametawanyika katika sheria nyingi, na mahali sheria haijasema wazi, muuzaji anatunga yake.

Bidhaa nyingine ya matumizi mawili ni rada. Watanzania wanaijua hii vizuri. Desemba 2001 serikali ya Uingereza ilitoa leseni kwa kampuni ya BAE kuiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28. Tanzania ilikuwa moja ya nchi maskini zaidi duniani. Wataalamu wa usafiri wa anga wakasema kwa kazi ya ndege za abiria ni ghali mno na haifai sana, maana ilijengwa kwa mahitaji ya kijeshi. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza lenyewe, waziri wa misaada Clare Short alipinga, na Tony Blair akaunga mkono. Leseni ikapita. Miaka ikaenda, uchunguzi ukafanyika, na Desemba 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutoweka vitabu vya hesabu sawasawa kuhusu malipo yaliyomwendea dalali. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Pesa zikanunua vitabu na madawati ya shule. Hesabu yenyewe inachekesha: pesa iliyorudi ilizidi bei ya rada. Lakini ilichukua miaka tisa, na ilitokea kwa sababu kule kulikuwa na leseni iliyoandikwa, bunge linalouliza, na waandishi wa habari wasioachia. Kama rada ile ingepita kama vifaru vya Faina, nani angejua?

Ya simu nitagusa tu, kwa sababu muda unakwisha na mzee wangu pale ameshaangalia saa mara mbili. Programu za kudukua simu nazo sasa ziko chini ya sheria hizi. Umoja wa Ulaya uliandika upya kanuni zake za bidhaa za matumizi mawili mwaka 2021 na kuingiza teknolojia ya upelelezi. Novemba mwaka huo huo Marekani iliiweka kampuni ya Israel ya NSO, inayotengeneza Pegasus, kwenye orodha ya kampuni zinazowekewa vizuizi vya biashara. Wiki chache baadaye ikajulikana kwamba simu za watumishi wa Marekani wanaoshughulika na Uganda zilikuwa zimedukuliwa kwa Pegasus. Uganda, hapo tu. Kama simu ya mwanadiplomasia iliingiwa, mjue ya kwako na ya kwangu si kazi kubwa.

Sasa nimeleta kitu, sikuja na maneno matupu.

Katiba yetu, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ofisi ikiombwa habari ijibu ndani ya siku 21. Hulipii kuomba. Huhitaji wakili. Tumeandaa barua mbili fupi kwenda Wizara ya Ulinzi na Wizara ya Mambo ya Nje. Ya kwanza inauliza: tangu 2013, Kenya imefikia wapi kuhusu kujiunga na Mkataba wa Biashara ya Silaha, na kama imeamua kutojiunga, sababu ni gani? Ya pili inauliza idadi tu: vibali vingapi vya kutoa silaha au risasi nje ya nchi vimetolewa kila mwaka, kwenda nchi zipi. Hatuulizi silaha ziko kambi gani. Hatuulizi siri ya askari yeyote.

Niseme ukweli, ya pili wanaweza kuikataa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu kuzuia habari kwa ajili ya usalama wa taifa. Wakikataa, watatakiwa kuandika kwamba wamekataa na kwa nini, na tukipata karatasi hiyo tuna siku 30 za kuipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala iikague. Ya kwanza sioni wataikataa kwa njia gani. Haina siri ndani yake.

Pia mtaulizwa na wazazi: mnajiingiza wapi? Mwangura alifungwa. Ndiyo, alifungwa. Ndiyo sababu barua inakwenda na majina mengi, kwa jina la raia wa Kenya, wala si kwa jina la msikiti huu. Kuna kijana Mkristo wa chama cha wakulima wa viazi amesema yeye na wenzake watatia sahihi pia. Ambaye hataki asitie, na asiulizwe na mtu.

Wa Njoro, yule mwenye swali lako, nakuona umekaa nyuma pale karibu na dirisha. Kalamu iko kwako, anza wewe kisha uipitishe. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba, na kata. Za akina dada ziko kwa Bi. mwalimu upande wa pili. Barua zinashuka na matatu ya saa kumi, na kesho asubuhi ziko posta Nakuru kwa rejista, ili tupate stakabadhi yenye tarehe na siku 21 zianze kuhesabiwa.